Feritini 46 lakini MCV 64, daktari anafikiria uboho: tusomeje haya majibu?

HadubiniNgamiani

Wakuu, habari za kazi. Nina majibu hapa yanayovutana, naomba wenye kukaa na hematolojia kila siku mnisaidie kuyasoma.

Ni hospitali ya wilaya, mkoani Tanga. Mgonjwa ni mama wa miaka 36, hana mimba. Analalamika uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, VVU hasi, kipimo cha haraka cha selimundu hasi. Hajawahi kuongezewa damu, wala hajaanza vidonge vyovyote vya kuongeza damu.

FBP (picha kamili ya damu) imetoka hivi: Hb (hemoglobini) 7.4 g/dL, RBC (seli nyekundu) 3.95, Hct (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) 25.3, MCV (ukubwa wa seli nyekundu) 64, MCH (hemoglobini kwa kila seli) 18.7, MCHC (ukolezi wa hemoglobini ndani ya seli) 29.2, RDW (seli zinavyotofautiana ukubwa) 21.3, WBC (seli nyeupe) 7.8, chembe sahani 612. Mashine yetu ni ile ndogo, inagawa seli nyeupe makundi matatu tu.

Seramu ilipelekwa maabara ya nje: feritini 46 µg/L, CRP (kipimo cha inflamesheni mwilini) 38 mg/L. Kwenye fomu yao masafa ya feritini kwa wanawake ni 13–150, kwa hiyo wameandika "kawaida". Daktari amesoma hapo, akaandika kwamba si upungufu wa chuma, anawaza thalasemia (ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini) au ampeleke mgonjwa akatolewe uboho.

Macho yangu yananiambia ni chuma. Lakini namjibuje daktari kwa hoja, si kwa hisia?

---

Raskazone_Hema

Salama mkuu. Tuanze na hiyo feritini, maana ndiyo inayowapoteza.

Feritini inapima ghala la chuma, lakini yenyewe ni miongoni mwa protini zinazopanda mwili unapopambana na kitu: maambukizi, malaria, kifua kikuu, ini kuugua, saratani. CRP ya 38 inakwambia kwamba hiyo 46 imepandishwa. Mwongozo wa WHO wa 2020 unaweka mstari wa mtu mzima asiye na maambukizi kuwa 15 µg/L. Akiwa na maambukizi au inflamesheni, mstari unapanda hadi 70. Kwa mtoto chini ya miaka mitano ni 12, na 30 akiwa anaumwa. Huyu mama yuko chini ya 70. Ile 13–150 ilichapwa kwenye fomu kwa ajili ya watu wazima wa afya, haijui kama mgonjwa wako ana CRP ya 38 au ya 2. Feritini ikiwa chini kabisa hakuna mjadala, ni chuma. Ikiwa "kawaida" ndipo kazi inapoanza.

Mkitaka kuongeza ushahidi bila kumtoboa mtu mfupa, ombeni chuma cha seramu pamoja na TIBC (uwezo wa damu kubeba chuma). Chuma cha seramu peke yake hakitawasaidia, kinashuka kwenye upungufu na kinashuka kwenye ugonjwa sugu vilevile. Anayetenganisha ni TIBC: upungufu halisi unaipandisha, ugonjwa sugu unaishusha au unaiacha palepale. Gawanya chuma kwa TIBC. Ikiwa chini ya 16% uboho unatengeneza damu kwa njaa. Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula, na kama mgonjwa alishaanza vidonge visimamishwe angalau siku moja. Tena isiwe plazma ya tyubu ya zambarau. EDTA, dawa ya humo ya kuzuia damu isigande, inakamata chuma, majibu yanatoka ya chini hata kwa mtu mzima wa afya, na hili linatokea sana pale mtu anapotaka kumwonea huruma mgonjwa asichomwe mara ya pili.

Sasa thalasemia. Kuna hesabu ya haraka: MCV gawanya kwa RBC. Hapa 64 ÷ 3.95 = 16.2. Chini ya 13 inaelekea thalasemia, juu ya 13 inaelekea chuma. Ni ya kukisia tu, msiitegemee kama kiapo. Chenye nguvu zaidi ni namna namba zenyewe zinavyokaa pamoja. Mwenye thalasemia ndogo anatengeneza seli ndogo lakini NYINGI, RBC mara nyingi iko juu ya 5, RDW karibu na kawaida, na Hb haishuki sana. Mama huyu RBC yake iko chini, RDW 21.3, Hb 7.4. Hazifanani.

Alpha-thalasemia ya jeni kupungua ipo kwa wingi pwani yetu, hilo daktari yuko sahihi kuliwaza. Aliyepoteza jeni moja kila upande anaweza kukaa na MCV ya 70 na kitu maisha yake yote, ila haimfikishi Hb 7. Inaweza kuwepo CHINI ya upungufu wa chuma, mambo mawili kwa mtu mmoja. Ikitokea chuma kimejaa, feritini iko juu, Hb imepanda, na MCV imegoma kwenye 72, basi hapo ndipo itafutwe. Elektroforesisi (kipimo cha aina za hemoglobini) haitawaonyesha alpha, inahitaji kipimo cha DNA. Hata beta msiitafute leo: chuma kikiisha HbA2 (hemoglobini ya kuitambua beta) nayo hushuka, mnaweza kupewa jibu la "hana" kumbe anayo.

Jambo la mwisho la kumwambia daktari. Upungufu wa chuma hauanzi na anemia. Kwanza ghala linaisha, feritini inashuka na uboho unakuwa mtupu, huku Hb iko vilevile. Kisha asilimia ya transferini (protini ya kusafirisha chuma) iliyobeba chuma inashuka. Hb inafuata, na MCV inaburuta mkia kwa sababu seli za zamani za ukubwa wa kawaida bado zinazunguka, zinaishi siku 120. Kwa hiyo mtu hafiki MCV 64 kwa wiki mbili. Huyu amekuwa akipoteza chuma muda mrefu, na swali la kliniki ni anapotezea wapi.

---

Chumbageni_Benchi

Kabla hamjasaini hiyo 612 tazameni histogramu ya chembe sahani. Mashine za impedansi (zinazohesabu seli kwa umeme) hutambua chembe sahani kwa udogo wake, takribani fL 2 hadi 20. Seli nyekundu zikiwa ndogo sana, au vipande vyake, vinaingia humo na kuhesabiwa. Mkia wa kulia wa grafu usipogusa chini, namba hiyo msiiamini.

Dawa yake iko kwenye smia (damu iliyopakwa kwenye slaidi). Lensi ya 100 yenye mafuta, sehemu ambayo seli nyekundu zinagusana kidogo tu, hesabu fildi 10, chukua wastani, zidisha kwa 15 hadi 20 elfu. Kama 612 ni ya kweli mtaona 30 hadi 40 kwa kila fildi. Mkiona 12, mashine imehesabu takataka. Mara nyingi lakini huwa ni kweli, chembe sahani hupanda chuma kinapoisha.

Na kuhusu ile kanuni ya Hb mara tatu sawa na Hct: 7.4 × 3 = 22.2, mashine inasema 25.3. Mtu asije akaanza kusafisha mashine kwa sababu hiyo. Kanuni ile ni ya seli za ukubwa na rangi ya kawaida, hizi hazina hemoglobini ya kutosha ndani yake. Ila MCHC ikitoka 36 au 37 kwa mgonjwa mwenye MCV 64, hapo simameni. Tazameni kama plazma ina mafuta au seli zimeshikana.

---

SlaidiSafi

Mmesema mengi ya mashine, mimi naongezea slaidi, maana kwa hali yetu ya hewa hapa Tanga smia inaweza kudanganya kuliko mashine.

Tyubu kwanza. Tyubu ya mL 4 iliyowekwa mL 1 ya damu ina EDTA iliyozidi, seli zinanywea, Hct inashuka, na MCV ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kinyume chake, damu iliyokaa kwenye joto tangu asubuhi hadi jioni seli zake zinavimba, MCV inapanda, na mwenye MCV ya 76 anaweza kutoka na 81 akaonekana mzima. Kwa hiyo uliza vyote viwili: tyubu ilijaa? ilikaa saa ngapi? Smia itengenezwe ndani ya saa mbili au tatu.

Damu yenye Hb 7 ni nyepesi, inakimbia kwenye kioo. Ukisukuma kwa pembe ileile ya nyuzi 30 unayoizoea unapata smia ndefu, nyembamba, isiyo na mahali pa kusomea. Inua kioo cha kusukumia hadi karibu 45 na usukume haraka kidogo.

Halafu ikauke UPESI. Wakati wa masika smia ikiachwa mezani ikauke yenyewe inachukua dakika nyingi, na seli zinaharibika zikiwa bado na unyevu. Feni ya mezani inatosha. Methanoli nayo: chupa inayofunguliwa mara arobaini kwa siku inavuta maji kutoka hewani, na maji yakishaingia asilimia chache kila seli inatoka na weupe katikati. Hapo mtu anaandika "hipokromia +++" kwa mgonjwa mwenye Hb 14. Weupe wa kweli unafifia polepole kutoka ukingoni kwenda katikati. Weupe wa maji una ukingo mkali kama karatasi iliyotobolewa na pancha, na ukizungusha fokasi ndogo unang'aa. Methanoli mimina kiasi cha siku kwenye chupa ndogo, ile kubwa ibaki imefungwa.

Rangi: kwa Leishman, dakika 2 rangi yenyewe, kisha bafa ya pH 6.8 mara mbili ya ujazo wa rangi, dakika 5 hadi 7. Msitumie slaidi ya malaria iliyopakwa Giemsa kwa pH 7.2 kusomea hipokromia, seli nyekundu zinatoka na ukijivu na huwezi kupima weupe wake kwa haki.

Kusoma: mkiani mwa smia seli zote zinakuwa bapa na hazina weupe, hata za mgonjwa wa chuma. Sehemu nene zimepangana. Somea katikati. Linganisha seli nyekundu na kiini cha limfosaiti ndogo. Ya kawaida inakaribiana nacho, huyu zake nyingi zitakuwa ndogo kuliko kiini. Weupe uliozidi theluthi moja ya kipenyo ni hipokromia. Tafuta seli penseli, ndefu na nyembamba, hizo zikiwa nyingi ni ushahidi mzuri sana wa chuma. Seli za shabaha chache si neno, zikijaa fildi rudi kwenye thalasemia au ini. Madoadoa ya buluu ndani ya seli nyekundu hayategemewi kwenye upungufu wa chuma mtupu. Ukiyaona fikiria thalasemia au sumu ya risasi. Neutrofili zenye vipande sita zikijitokeza uliza folate na B12, kwa sababu upungufu wa aina mbili kwa pamoja unaweza kuipandisha MCV ikakaa 85 na wote mkalala usingizi. RDW kubwa ndiyo itakayowaamsha.

Na tafadhali hesabu seli nyeupe kwa mkono. Mashine ya makundi matatu haitakuonyesha eosinofili (seli nyeupe zinazopanda kwenye minyoo na mzio).

---

HadubiniNgamiani

Ahsanteni sana. Smia imerudiwa kwa damu ya leo, tyubu imejaa, ikakaushwa kwa feni, methanoli mpya.

Seli nyingi ni ndogo kuliko kiini cha limfosaiti, weupe unafifia polepole, nyingine zimebaki pete nyembamba tu. Penseli zipo karibu kila fildi. Shabaha nadra, madoadoa hakuna. Chembe sahani wastani 31 kwa fildi. Eosinofili 11% kwa hesabu ya seli 100. Neutrofili hazina vipande vya ziada.

Daktari amelikubali la feritini. Ila mgonjwa ana kikohozi cha muda mrefu, kwa hiyo anauliza: tutajuaje kama si anemia ya ugonjwa sugu, au vyote viwili? Rufaa ya uboho bado ameishikilia. Ukitolewa, tutazame nini hasa? Na Perls (rangi ya kuonyesha chuma) tunaipakaje isituongopee? Reagenti tunazo ila hazijaguswa muda mrefu.

---

Raskazone_Hema

Swali zuri la daktari, na hapo ndipo uboho una jibu ambalo damu haina.

Kwa Leishman au May-Grünwald-Giemsa utaona uboho wenye seli za kutosha au zaidi kidogo, mstari wa seli nyekundu umeongezeka kiasi. Tazama normoblasti, yaani seli nyekundu changa zenye kiini: ndogo, kiini kimekolea na kukomaa, lakini saitoplazma ni haba, ya buluu-buluu, na kingo zake zimechanika-chanika kana kwamba zimeliwa. Kiini kimemaliza kazi yake, hemoglobini haijafika. Mstari wa seli nyeupe na megakariosaiti ni wa kawaida. Lakini kwa sura hiyo peke yake usiandike upungufu wa chuma, thalasemia nayo inaweza kuleta normoblasti za namna hiyo. Jibu liko kwenye Perls.

Kwenye Perls unatafuta chuma mahali pawili. Kwanza ndani ya makrofaji, kwenye vipande vya uboho: hilo ndilo ghala. Pili ndani ya normoblasti, chembechembe moja hadi chache za buluu: hizo ni sideroblasti, mtu mzima wa afya anazo kama 30–50% ya normoblasti zake. Upungufu wa chuma: makrofaji tupu, sideroblasti chini ya 10%. Ugonjwa sugu: makrofaji yamejaa buluu, sideroblasti chache, yaani chuma kipo ghalani ila mlango umefungwa. Vyote viwili kwa pamoja: CRP iko juu, feritini "nzuri", na makrofaji bado tupu. Ndiyo maana uboho ukapewa heshima ya kuwa hakimu. Ukikuta chembe tano au zaidi zimezunguka kiini angalau theluthi moja ya mzingo wake, hiyo ni sideroblasti ya pete, na kwa mtu anayekohoa ulizeni kama alishawahi kuwekwa kwenye isoniazidi (dawa ya kifua kikuu).

Uongo wa kipimo hiki unaanzia kwa anayetoa. Mvuto wa kwanza usizidi mL 0.5. Ukivuta mL 3 kwa mara moja umejaza damu ya kawaida, vipande hakuna, na mtu wa maabara ataripoti "chuma hakipo" kwa slaidi ambayo haina mahali pa kuwekea chuma. Kabla ya kuandika sifuri hakikisha umesoma angalau vipande saba, kwa slaidi zaidi ya moja ikibidi. Vikiwa viwili, andika "vipande havitoshi kutolea jibu la chuma". Hiyo si aibu. Mfupa wenyewe uliokatwa na kulainishwa kwa asidi msiutegemee, asidi inaondoka na chuma.

Utaratibu wa rangi:

Slaidi ikauke, ifiksiwe kwa methanoli dakika 10 hadi 20, ikauke tena. Andaa potasiamu ferosianidi 20 g/L kwa maji yaliyotoneshwa, na asidi hidrokloriki 0.2 mol/L. Changanya ujazo sawa wa vyote viwili MUDA ULEULE wa kutumia, usiweke akiba. Zamisha slaidi dakika 10 kwa joto la chumba. Suuza kwa maji yanayotiririka dakika 20, malizia kwa maji yaliyotoneshwa, kisha eosini 1 g/L sekunde 10 hadi 15 ili seli zionekane. Eosini ikizidi inafunika zile chembe ndogo za sideroblasti, na hizo ndizo za kwanza kupotea.

Ferosianidi iliyokaa: mmumunyo mzuri ni wa njano hafifu. Ukiwa na kijani au buluu mwaga, tengeneza mpya kutoka kwenye fuwele, na chupa iwe ya rangi nyeusi mbali na mwanga. Asidi iwe ileile nyepesi. Ferosianidi haichanganywi na asidi kali wala kuchemshwa nayo, inatoa gesi ya sianidi.

Kila mara pakeni na slaidi ya udhibiti inayojulikana ina chuma. Bila hiyo slaidi, "hakuna buluu" inaweza kuwa reagenti imekufa. Na kinyume chake, buluu ikionekana kila mahali, hata pasipo na seli, ni kutu: bomba la maji, koleo la chuma, kioo ambacho hakikuoshwa kwa asidi. Buluu ya mgonjwa iko NDANI ya seli, kwenye fokasi moja na seli. Buluu ya uchafu inaelea juu, seli zikionekana vizuri yenyewe ina ukungu.

Na kama mgonjwa alishapewa chuma cha mshipa au damu, uboho unaweza kuonyesha chuma wakati hana cha kutumia. Huyu hajapewa, afadhali.

---

MfereMpana

Samahanini wakuu, mimi naona mnampeleka mbali huyu mama. MCV 64, RDW 21, penseli kila fildi, feritini chini ya 70 na CRP iko juu. Uboho wa nini? Apewe chuma, jibu lake litaonekana kwenye Hb. Uboho niuwekee mgonjwa aliyemeza chuma vizuri akagoma, au mwenye seli nyeupe zisizoeleweka, au chembe sahani zimeshuka.

Kikohozi kina kipimo chake, makohozi yaende GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu).

Na hizo eosinofili 11% mnazipita hivihivi? 11% ya 7.8 ni 0.86, mstari ni 0.5. Mtu wa pwani, anemia ya chuma, eosinofili juu: choo kwanza, na mkojo. Kato-Katz (kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo), kiolezo cha mg 41.7, zidisha mayai kwa 24. Mayai ya safura yanayeyuka machoni kwa glaiserini, soma ndani ya dakika 30 hadi 60, na kwa joto letu jitahidini iwe karibu na 30. Ukiiandaa asubuhi ukaisoma baada ya chai utaona minyoo mingine yote isipokuwa safura. Mkojo wa kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanatoka kwa wingi muda huo.

---

Raskazone_Hema

Kaka MfereMpana, kwa huyu mgonjwa nakubaliana nawe. Nimejibu la uboho kwa sababu limeulizwa. Rufaa isubiri majibu ya chuma.

Ila neno "apewe chuma tuone" lina masharti, vinginevyo linaficha ugonjwa. Mchukueni retikulosaiti (seli nyekundu mpya) leo kabla ya kidonge cha kwanza, halafu siku ya 7. Kilele chake ni kati ya siku ya 5 na ya 10. Mkipima wiki ya nne mmekuta watu wameshaondoka. Damu na rangi ya metilini bluu mpya (new methylene blue) ujazo sawa, nyuzi 37, dakika 15 hadi 20, hesabu seli 1,000. Asilimia mtakayopata izidishwe kwa Hct ya mgonjwa kisha igawanywe kwa 40: 6% kwa Hct 25.3 ni 3.8% tu. Hb ipande kama gramu 2 ndani ya wiki tatu hadi nne. RDW itapanda zaidi mwanzoni na histogramu itakuwa na vilima viwili, seli mpya na za zamani. Hiyo ni dalili nzuri, mtu asiiandike kama kosa la mashine. Hb ikitengemaa vidonge viendelee miezi mitatu hivi, ghala hujaa mwisho.

Hayo ni ya mtu mzima. Kwa watoto wadogo msikimbilie hivyo: utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulionyesha chuma na folate kwenye eneo la malaria nyingi viliongeza kulazwa na vifo. Malaria idhibitiwe kwanza.

---

HadubiniNgamiani

Mrejesho. Kato-Katz imesomwa dakika ya 35: mayai ya safura 108, yaani 2,592 kwa gramu. Mkojo hauna mayai wala damu. Makohozi yamekwenda GeneXpert, jibu bado. Retikulosaiti ya leo 1.1%.

Naomba mnikosoe maoni ya kuandika kwenye fomu: "Anemia kali ya upungufu wa chuma kutokana na safura."

---

MfereMpana

Hb 7.4 kwa mwanamke asiye mjamzito kwa WHO si kali, kali ni chini ya 8... samahani, ni kali, 8 ndiyo mstari. Hapo uko sawa.

Kilichobaki punguza. Maabara haijaona chanzo, imeona mayai. 2,592 ni maambukizi ya wastani, mazito yanaanzia 4,000.

---

Raskazone_Hema

Naongezea hesabu ili daktari asifunge faili. Mnyoo mmoja wa Necator (aina ya safura) hunyonya kama mL 0.03 kwa siku. Wakiwa mia ni mL 3, na mL moja ya damu yenye Hb 13 ina chuma karibu mg 0.45. Mwili wenyewe unafyonza mg 1 hadi 2 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo safura ya wastani inaweza kummaliza mtu taratibu kama chakula chake kina chuma kidogo, lakini kwa mama wa miaka 36 hedhi nzito au uvimbe wa kizazi unaweza kuwa na sehemu kubwa kuliko minyoo. Albendazole mg 400 apewe, kinyesi kirudiwe wiki ya pili au ya tatu, na aulizwe habari za hedhi na dada au daktari atakayempa nafasi ya kusema.

Maoni yako yaandike hivi: "Anemia kali, mikrositiki hipokromiki, anisositosisi kubwa, seli penseli nyingi. Chembe sahani na eosinofili zimeongezeka. Feritini 46 ikisomwa pamoja na CRP 38 inaendana na upungufu wa chuma. Mayai ya safura 2,592 kwa gramu, maambukizi ya wastani. Tunashauri kutafuta vyanzo vingine vya upotevu wa damu. Retikulosaiti irudiwe siku ya 7 ya matibabu."